Cheti Kwanza, Safari Baadaye

Buseresere na machimbo yote ya Geita yana mafundi hodari wa umeme na wa kuchomelea vyuma, na baadhi yao wanaazimia kwenda kufanya kazi ng'ambo. Hatuwalaumu. Lakini yafaa wajue ya kuwa huko mtu hapimwi kwa jina la kazi yake, bali kwa shughuli anazozitenda na kwa hati inayozithibitisha.

Ujerumani, katika kadi ya kutafutia kazi iliyoanza Juni 2024, yamtaka fundi awe na mafunzo ya miaka miwili au zaidi yanayotambuliwa na nchi alikosomea, na lugha pia. Uingereza nayo, tangu tarehe 22 Julai 2025, haipokei tena kutoka ng'ambo wahudumu wapya wa kulea wazee. Dalali auzaye njia hiyo leo anauza hewa.

Ndugu mfanyakazi, kama ulijifunza kazi kwa mikono tu, VETA hupima na kurasimisha ujuzi wa namna hiyo. Cheti hicho peke yake hakikupatii viza. Lakini pasipo hati yoyote, ustadi wako utaishia mlangoni. Nasi twadai upimaji huo usogezwe karibu na machimbo.