Uduvi na salamanda tangi moja: rafiki au kitoweo?

Tangu watoto wetu waanze kumwona aksolotli katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ambamo aliingizwa mwaka wa 2021, swali moja halikomi mezani: "Baba, huyu tunaweza kumfuga?" Likijibiwa hilo huzuka la pili: je, anaweza kukaa tangi moja na uduvi, wale kamba wadogo wa maji matamu wanaosifiwa kwa kusafisha tangi? Leo nitayajibu yote mawili, kisha niwapeleke Roret, katika nchi ya majani chai, niwasimulie jambo nililofunzwa huko na ndoo moja ya plastiki.

Kwanza tujuane na wageni wenyewe. Salamanda ni mnyama wa jamii moja na chura, ila ana mkia na umbo la mjusi. Hapa Afrika Mashariki hatuna hata mmoja wa asili. Tulijaliwa vyura tele, tukanyimwa salamanda. Aksolotli ni salamanda wa Mexico, wa maziwa na mifereji ya Xochimilco kando ya mji mkuu. Ajabu yake ni kwamba hakui akatoka majini kama wengi wa wenzake. Hubaki na matamvua yake nje ya kichwa mithili ya manyoya, huzaa akiwa vivyo hivyo, na mguu wake ukikatika humea mwingine. Wanamexico wamemtia katika noti yao ya peso 50. Hata hivyo, huko kwao porini amebaki haba mno, naye amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa ya kuangamia. Tangu 1975 yumo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe wa pori, kwa hivyo havushwi mpaka bila kibali.

Je, atakaa na uduvi? Atakaa naye kama paka akaavyo na kifaranga. Aksolotli hatafuni. Hufungua kinywa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na chochote kilicho mbele yake. Mkubwa hufika sentimita 20 hadi 30, na uduvi ni sentimita mbili au tatu tu. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Salamanda wadogo wana vinywa vidogo, basi uduvi mzima huweza kuwaponyoka, lakini watoto wake hawaponi. Wafugaji wa ng'ambo hulijua hilo, na wengine huwatia uduvi makusudi: uduvi wale mabaki na mwani, na salamanda wapate kitoweo cha kukimbiza. Anayetaka uduvi wadumu huwapa tangi lao wenyewe lenye mimea mingi, kisha huhamisha wachache wachache.

Lipo pia suala la joto. Aksolotli hupenda maji ya nyuzi 16 hadi 18 hivi za Selsiasi, na yakizidi sana hapo huacha kula na kuugua. Ndugu zangu wa Mombasa na Kisumu, hapo mmejibiwa. Huku Kericho, ambako asubuhi mtu huota moto jikoni kabla ya kwenda kuchuma chai, baridi ingemfaa. Lakini kumfaa si sababu ya kumleta, kama tutakavyoona.

Basi sikieni ya Roret. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alitaka kutengeneza tangi la maonyesho ya sayansi shuleni. Nikamshauri aache ndoto za Mexico, atumie viumbe vya kwetu. Badala ya salamanda akapata chura wa kucha katika bwawa la jirani. Huyu ni chura aishiye majini karibu maisha yake yote, ana kucha nyeusi katika miguu ya nyuma, wala hana ulimi. Uduvi wakatoka ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ambako hunaswa pamoja na omena na wengi huishia katika chakula cha kuku. Akawaleta 30 katika kibuyu cha plastiki cha lita tano, wakiwa hai.

Alianza vyema. Aliacha tangi likae wiki tano likiwa na mchanga, mimea na konokono wachache, ili wazaliwe bakteria wa kugeuza amonia itokayo katika kinyesi, maana amonia ni sumu kwa uduvi. Kila wiki alibadilisha sehemu moja kwa tano ya maji. Ninyi wa mjini mnaotumia maji ya mfereji, yaacheni kwanza siku nzima katika ndoo wazi ili klorini ipungue. Halafu msitie dawa ya samaki yenye shaba; samaki atapona, uduvi watakufa.

Kosa la kwanza lilikuwa kumweka chura pamoja nao. Baada ya wiki tatu uduvi walikuwa 11. Bibi yake, ambaye huku huitwa Kogo, alilitazama tangi akacheka: "Wewe umemfugia chura, au umempikia?" Chura akarudishwa bwawani kwake, kwenye maji yale yale alikotoka. Uduvi wakatulia. Mwezi uliofuata majike wawili wakaonekana wamebeba mayai chini ya tumbo, nasi tukafurahi kama tuliopata ndama.

Jumamosi moja alasiri kijana akaongeza maji tangini. Hazikupita saa mbili, uduvi wote wakawa wamelala ubavu, wengine wakirusharusha miguu. Jioni hakubaki hata mmoja. Mimi nilikuwa pale, na niseme kweli, kijana alilia.

Tulitafuta sababu kama wapelelezi. Maji yalikuwa ya mvua kutoka kwenye mapipa, maji yale yale ya siku zote. Mimea ilikuwa ile ile. Mwishowe tukaishika ndoo. Asubuhi ile ilikuwa imekorogewa dawa ya kupe ya kupulizia ng'ombe. Mimi ndiye niliyeikoroga, na mimi ndiye niliyeisuuza mara mbili, nikaona imetosha.

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo penye somo. Dawa nyingi za kupe, pamoja na zile za kunyunyizia mbu chumbani, zina sumu iliyotengenezwa kwa kuiga ile ya pareto, zao ambalo wazee wetu wanalijua vyema. Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu. Kupe, mbu, kaa na uduvi ni wa ukoo mmoja: wote wana gamba kwa nje na miguu yenye viungo. Dawa haijui kwamba huyu ni kupe mwovu na yule ni uduvi wa maonyesho. Tone lisilomdhuru ng'ombe hummaliza uduvi. Kwa hivyo, mwenye tangi asipulize dawa ya mbu chumbani humo, na awe na ndoo ya tangi isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kogo akaniuliza swali moja tu: "Na bomba la kupulizia, huwa unaliosha wapi?"

Nilinyamaza. Bomba huoshwa kijitoni, pale ng'ombe wanaponywea. Chini ya hapo, hatua chache tu, ndipo akina mama huteka maji kiangazi mapipa yakikauka. Kogo akasema utotoni mwake walikuwa wakiwashika kaa chini ya mawe ya kijito hicho, na siku hizi mtoto anaweza kupindua mawe asubuhi nzima asimwone hata mmoja. Siwezi kuapa kwamba bomba langu ndilo lililowamaliza. Lakini niliwaona uduvi 11 na mayai yao wakifa kwa masalio ya ndoo iliyosuuzwa mara mbili, wala sina la kujitetea. Tangu siku hiyo bomba huoshewa juu shambani, mbali na maji, na maji yake humwagwa kwenye udongo mkavu ambako hakuna anayeteka.

Neno la mwisho kwa wanaochoka na wanyama wao. Msiwamwage mtoni. Vijito vya huku huingia katika mito kama Kipsonoi na Itare, nayo hukutana ikawa mto Sondu, na Sondu humwaga maji yake Ziwa Viktoria. Kinachoachiliwa huku mlimani hakikai huku. Tuna mfano nyumbani: mwaka wa 1970 kamba wakubwa wa Louisiana, Marekani, walitiwa katika Ziwa Naivasha ili wavuliwe na kuuzwa. Walizaana, wakafyeka mimea ya majini, na mayungiyungi ya ziwa hilo yakapata pigo kubwa. Kwa upande wa salamanda, mwaka wa 2013 wanasayansi walieleza kuvu mpya iliyokuwa ikiwaua salamanda wa Uholanzi. Inadhaniwa ilitoka Asia pamoja na wanyama wa kufugwa. Kuvu nyingine ya jamii hiyo imeua vyura katika mabara mengi. Ndiyo sababu nasema aksolotli abaki kwao, na wetu warudishwe palepale walipotoka, bila kuchanganywa na wageni.

Mpwa wangu alikwenda kwenye maonyesho bila uduvi. Alibeba tangi tupu na ndoo ile ya plastiki, akasimama kuwaeleza watu kilichotokea. Hakushinda. Lakini wazazi watatu walimwuliza swali lile lile la Kogo, nao wakarudi nyumbani wakiwa na la kutazama. Mficha uchi hazai, nami ndiyo maana nimewasimulia langu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.