Kipandauso, Sindano na Chuku: Tusiogope Kupima

Mtu atokaye Embu kwenda Meru kwa njia ya chini hupita Ishiara, mji mdogo wa soko katika nchi ya Wambeere, mahali penye jua kali. Wengi wetu wa pwani hatupajui Ishiara, lakini upande huo wa Mbeere ndiko yatokako majani ya muguka, yale ambayo Kaunti ya Mombasa iliyapiga marufuku mwaka 2024 na shauri lake likafika mahakamani. Leo sina nia ya kuzungumza juu ya muguka, ingawa mwenye kukesha akitafuna asishangae kichwa kikimgonga asubuhi. Nataka kuzungumza juu ya maradhi ambayo mtu wa Ishiara na mtu wa Lamu huyaugua sawasawa, nayo ni kipandauso.

Aliyewahi kushikwa nacho hahitaji kuelezwa. Kichwa huuma upande mmoja kama kinachopigwa nyundo, moyo huchafuka, mwanga wa jua huwa adui na sauti ya mtoto huwa kero. Mama hushindwa kupika, fundi huweka chini vyombo vyake, na mwanafunzi huonekana mvivu. Kikiisha, mtu huwa mzima kabisa, na hapo ndipo jirani asemapo kwamba alikuwa akijifanya.

Mwenye maradhi hayo hatulii. Kwanza hununua vidonge dukani, na akivimeza siku nyingi, nusu ya mwezi au zaidi, vidonge vyenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kisha huelekezwa kwa mganga. Mbeere ataambiwa aende kwa mundu mugo achemshiwe magome, na kwetu ataambiwa apigwe chuku. Siku hizi huambiwa pia kuna sindano nyembamba za Kichina, akupancha kwa jina lake, ambazo huchomwa mwilini bila ya dawa ndani yake. Sindano hizo si ngeni masikioni mwetu, kwani madaktari wa Kichina walianza kufika Unguja tangu mwaka 1964.

Je, zinaponya? Wengi hujibu kwa kutaja jamaa aliyechomwa akapona. Lakini kipandauso huja na kwenda chenyewe, na mgonjwa hutafuta tiba siku zile kimemzidi. Lolote atakalofanyiwa wakati huo, nafuu ikija, ndilo litakalosifiwa. Wazee walikwisha kutuambia kwamba jogoo likiwika lisiwike kutakucha. Anayetaka kujua kama jogoo ndiye aletaye asubuhi, hapana budi amnyamazishe siku moja aone.

Na hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wa Ujerumani. Mwaka 2005, Klaus Linde na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 302 waliogawanywa kwa kura. Kundi moja lilichomwa sindano mahali panapotajwa na elimu ya Kichina. Kundi la pili lilichomwa sindano za uwongo, yaani juu juu tu na mahali pasipotajwa, wala mgonjwa hakuambiwa zake ni zipi. Kundi la tatu liliwekwa kungoja. Katika kila watu mia wa kundi la kwanza, 51 walipungukiwa na siku za maumivu kwa nusu au zaidi. Katika kundi la kungoja walikuwa 15 tu. Na katika kundi la sindano za uwongo? Walikuwa 53!

Mwaka 2006 Hans-Christoph Diener na wenzake, huko huko Ujerumani, walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi ambalo wagonjwa 960 waligawanywa kwa kura. Waliopata nafuu kwa sindano za kweli walikuwa 47 katika mia, kwa sindano za uwongo 39, na kwa vidonge vya kuzuia maradhi 40. Tofauti hiyo watafiti waliiona ndogo, yaweza kuwa ni bahati tu. Mwaka 2016 majaribio 22 yenye watu 4,985 yalikusanywa pamoja. Ikaonekana kwamba sindano za kweli zinazidi za uwongo kwa kidogo, 50 kwa 41 katika mia, na kwamba hazishindwi na vidonge vya kuzuia.

Sasa tufahamu vizuri. Matokeo haya hayasemi kwamba aliyepata nafuu ni mwongo. Nafuu ni ya kweli. Yanachosema ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu haitoki katika ile siri ya mahali pa kuchoma. Kulala kitandani mahali patulivu, kushikwa na mtu mwenye huruma, kusikilizwa, na kutumaini, vyote hivyo vina fungu lake. Basi mtu akikutoza fedha nyingi kwa kudai kwamba yeye peke yake ndiye ajuaye mishipa, unayo haki ya kumwuliza ushahidi wake.

Najua wako watakaosema kwamba maneno haya ya kupima ni ya Kizungu, na kwamba sisi Waislamu tunayo chuku, na imetutosha. Kweli, imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliumikwa kichwani, naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya maumivu ya upande wa kichwa. Na ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Lakini kauli hiyo ni amri ya kutafuta, na atafutaye hupima. Je, kwa mgonjwa huyu, kwa mkono wa mpigaji huyu, kwa wembe huu, chuku yafaa kiasi gani? Kuuliza hivyo si kuikanusha hadithi.

Wala kupima hakukuanza Ulaya. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika juu ya wagonjwa walioanza kwa kuumwa kichwa na shingo wakielekea kwenye homa ya ubongo. Kundi moja aliliumua damu na jingine akaliacha kwa makusudi ili apate kulinganisha. Ibn Sina naye, katika kitabu chake cha Kanuni, aliweka masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kuisifu. Basi hao Wajerumani wametembea njia ambayo wazee wetu katika dini walikwisha kuikanyaga. Sisi ndio tuliokaa kando yake.

Narudi Ishiara. Miti ya Mbeere na matumizi yake iliandikwa na Bernard Riley na David Brokensha katika kitabu chao cha mwaka 1988, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini kuandikwa si kupimwa. Chuku nayo haijapimwa kwa wagonjwa wengi kama ilivyopimwa sindano. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imetenga sehemu nzima kwa tiba za asili na tiba mbadala, na nchi inayo taasisi yake ya utafiti, KEMRI. Maoni yangu ni kwamba jaribio kama lile la Ujerumani lifanywe kwetu, Ishiara na Lamu kwa pamoja. Chuku, magome, sindano na vidonge vya kuzuia viwekwe mbele ya kura moja, na mashekhe na waganga wawe mashahidi. Tajiri akikosea tiba atajaribu nyingine kesho. Maskini aliyeuza mbuzi wake apate nauli hana kesho hiyo, na yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kupewa kilichopimwa.

Mpaka siku hiyo ifike, mwenye kipandauso aende hospitali kwanza. Viko vidonge vya kuzuia visivyo ghali, kama propranolol, ingawa mwenye pumu havimfai, na daktari ndiye wa kuamua. Kichwa kikiuma ghafula kuliko kilivyowahi kuuma, au kikifuatana na homa na shingo kukakamaa, asingoje sindano wala chuku. Na atakayepigwa chuku ahakikishe wembe ni mpya, maana ukimwi na homa ya ini havijui nia njema.

Katika lugha yetu, mwenye kutia chumvi nyingi katika maneno yake huambiwa anapiga chuku. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba chuku ya kichwani haigeuki kuwa chuku ya mdomoni.