UMBALI SI MLINZI

Wapo wanaodhani kwamba nchi iliyo mbali na bahari, na mbali na mahasimu wake, imekwisha kulindwa na umbali huo. Dhana hiyo ni ya hatari, nasi Waganda tuliilipia kwa damu.

Kutoka Tel Aviv hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 3,500. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya abiria ya Ufaransa ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens, na siku ya pili yake ikatua Entebbe. Utawala wa Idi Amin, badala ya kuwatia mbaroni watekaji, uliwapa hifadhi. Alasiri ya tarehe 3 Julai ndege 4 za Hercules zilizobeba askari wa Israeli ziliondoka Sharm el-Sheikh, zikaruka chini chini juu ya Bahari ya Shamu ili zisionekane na rada, kisha zikakata kuelekea kwetu. Baada ya muda wa saa saba na nusu hivi, usiku wa manane, ya kwanza ilitua huku taa za uwanja zikiwaka.

Ndani yake lilitoka gari jeusi la Mercedes, lililofananishwa na gari la Rais. Hata hivyo, askari waliokuwa zamu waliliamuru lisimame. Walitimiza wajibu wao, wakauawa hapo hapo. Haukupita muda wa saa mbili, wageni hao walikuwa wamekwisha kuondoka na mateka zaidi ya 100, wakapitia Nairobi kujaza mafuta. Nyuma yao waliacha maiti za makumi ya askari wetu, na ndege zetu za kivita zikiungua ardhini.

Kutoka Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40 tu, lakini msaada haukuwahi. Usiku ule kilomita hizo 40 zilikuwa ndefu kuliko zile 3,500.

Hilo ndilo fundisho tunalopenda kila askari alishike. Umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa kwa saa, na kwa utayari wa yule anayengojea. Mwenye kupanga ulinzi hana budi kujiuliza maswali mawili: adui atafika kwa muda gani, na msaada utanifikia kwa muda gani? Jibu la pili likizidi la kwanza, lindo hilo ni tupu hata kama lina watu.

Nanyi askari polisi mnaosimama penye viwanja vya ndege, kumbukeni kwamba ndege ya siku hizi huumaliza mwendo ule kwa saa tano hivi. Mtu aliyeamka leo katika mji wa mbali aweza kuwa mbele yenu kabla ya jua kutua. Mpokeeni kwa heshima, lakini mkaguzi asisinzie.

Wakubwa nao wasisahau: askari wa zamu ndiye anayelipa kwanza makosa ya wanaomtuma. Wale wa Entebbe hawakulala. Waliolala ni wale walioutegemea umbali.