Katani Ndani ya Saruji: Tusidanganyike na Urahisi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Mjenzi wa nyumba ya udongo aliyetia majani makavu katika tope lake aliijua siri: nyuzi hukishika kile kitakacho kupasuka.

Saruji nayo haiogopi kugandamizwa. Ikivutwa au ikipindwa ndipo ipasukapo. Inapokauka hunywea, na huko kunywea huleta nyufa. Nyuzi fupi za katani, au za usumba wa nazi, zikitawanywa vyema ndani yake huuzuia ufa usitanuke. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 vigae vya saruji na katani vilitengenezwa humu Kenya, ili mwananchi wa pato dogo apate paa la kumsitiri. Mkonge tunao, Vipingo na Taita Taveta. Na makumbi ya nazi yamejaa Pwani nzima.

Lakini jambo hili lina mwiba wake. Saruji ina ukali wa chokaa, na ukali huo huila katani. Mtafiti wa Uswidi, Hans-Erik Gram, alilieleza jambo hili mwaka 1983: maji makali yaliyomo ndani ya saruji huyeyusha ule ulimbo unaogandisha vinyuzi vya mkonge, na mwisho nyuzi hukatika kama njiti. Bamba kubwa lililokuwa imara siku ya kuezekwa, baada ya misimu ya mvua na jua, laweza kuvunjika ghafla. Je, chini yake atakuwa amelala nani?

Dawa ipo. Sehemu ya saruji ikibadilishwa kwa majivu ya makumvi ya mpunga, yaliyochomwa kwa moto wa kiasi na kusagwa laini, ukali hupungua. Mpunga wa Mwea huacha makumvi tele. Kigae nacho kiwe kidogo, chenye unene wa kukiwezesha kusimama hata nyuzi zikichakaa. Wala katani isitiwe katika nguzo au boriti mahali pa chuma.

Twaonelea kwamba vyuo vyetu vya ufundi viwafunze vijana ujuzi huu pamoja na mipaka yake, na auzaye vigae amweleze mnunuzi ukweli wote. Maskini hujenga mara moja tu. Uzuri wa paa hauonekani siku ya kuezeka. Huonekana masika ya kumi.