Mwalimu wa kesho aanze na mawe ya Mabanga

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa kata 10 za Goma waliagizwa kuhama mara moja. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwa kati yao. Watu walikimbilia Sake na Rwanda huku ardhi ikitetemeka. Watoto waliuliza kwa nini, na wazazi wengi hatukuwa na jibu.

Jibu hilo lingepaswa kutoka shuleni. Kwetu Kongo, mwalimu wa shule ya msingi hutayarishwa katika sekondari, seksheni ya pedagojia. Anajifunza kuandaa fishi ya somo, kisha anafanya staji. Lakini sayansi mara nyingi inabaki maneno ya Kifaransa ya kunakili kutoka ubaoni. Mwanafunzi anataja aina za mawe bila kufahamu kwamba jiwe jeusi la ukuta wa jirani ni lava iliyopoa.

Tuchukue mfano wa mazuku. Gesi hiyo ya kaboni haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mabondeni. Ndiyo sababu inaweza kuua mbuzi au mtoto mahali ambapo mtu mzima amesimama salama. Mwalimu anaweza kuionyesha kwa ndimu, bikarbonati, chupa na mshumaa: gesi ikimiminwa taratibu, moto unazimika.

Kutoka hapo, darasa lifungue ramani ya dunia. Nchini Kamerun, Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa gesi hiyo hiyo usiku, na watu karibu 1 700 wakafa. Ziwa Kivu pia linaificha kwenye kina chake, pamoja na metani ambayo Rwanda inaigeuza umeme.

Hakuna maabara ya bei kali inayohitajika. Tunaomba wakaguzi wapime majaribio wakati wa staji, si fishi peke yake. Wataalamu wa OVG waalikwe kuongea na walimu hawa wa kesho. Na wazoezwe kueleza sayansi kwa Kiswahili, maana sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha zetu katika miaka ya kwanza.

Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021. Itarudia. Siku hiyo, mtoto wa Mabanga atakayemzuia mdogo wake asishuke bondeni atakuwa amefundishwa na kijana tunayemtayarisha leo.