Mizani Haitoshi: Kando ya Ziwa Tupime Kiuno na Sukari

Katika miaka ya 1980 na 1990, kukonda kando ya Ziwa Victoria kulikuwa habari mbaya. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya uliowaangamiza watu wa Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha; leo tunaujua kuwa UKIMWI. Upande wetu wa Nyanza wengi waliuhesabu kuwa chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Haishangazi basi kwamba hadi leo, kutoka Port Victoria mpaka Muhuru Bay, mashavu yaliyojaa yanapokelewa kama ushahidi kwamba mtu ni mzima. Ushahidi huo hautoshi tena, na mizani ya kliniki nayo haitoshi. Utafiti wa miongo kadhaa umeonyesha kwamba hatari ya kisukari hutegemea zaidi mahali mafuta yalipojihifadhi mwilini na kama bado yanafanya kazi yake, kuliko inavyotegemea kilo peke yake. Kaunti zetu za ziwa zina sababu kubwa kuliko nyingi za kulichukua somo hilo kwa uzito, na zina njia rahisi ya kulitekeleza: kila mtu mzima anayefika kituo cha afya, kwanza kabisa anayetumia dawa za VVU (ARV), apimwe kiuno na sukari ya damu.

Kwa muda mrefu mafuta ya mwili yalidhaniwa kuwa mzigo tu usio na kazi. Mwaka 1947 daktari Mfaransa Jean Vague alitambua kwamba watu wenye mafuta mengi sehemu ya juu ya mwili na tumboni waliugua kisukari na moyo zaidi ya wale waliojazia mapajani na makalioni. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake jijini New York waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe ili kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Tangu hapo mafuta yamehesabiwa kuwa kiungo kamili kinachotuma na kupokea taarifa. Kazi yake ya kwanza ni ile ya ghala. Likiwa na nafasi, chakula cha ziada hutulia humo bila madhara. Likijaa au likibomoka, mafuta humwagika kwenye ini, misuli na kongosho, na insulini haisikilizwi tena ipasavyo. Panya waliozalishwa maabara bila mafuta kabisa hawakupata afya njema kwa wembamba wao. Walipata kisukari kikali, na walipopandikizwa mafuta hali yao ikawa nafuu. Mafuta yakikosekana ni hatari, na yakizidi uwezo wa ghala pia ni hatari.

Jambo hili watu wa ziwa wameliona kwa macho yao. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa ARV bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, na dawa za miaka ile ziliwainua watu waliokuwa kitandani wakisubiri kufa. Moja ya dawa zilizotumika sana enzi hizo, stavudini, iliharibu seli za mafuta. Mashavu yalibonyea, mishipa ikachomoza mikononi na miguuni, huku tumbo la mtu yuleyule likijaa. Jirani alimwona amekonda, mizani ikasema uzito wake ni wa kawaida, na ndani ya damu sukari ikaanza kupanda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iachwe, na imeachwa. Walioitumia kwa miaka mingi bado wako nasi, nao sasa wanaingia katika umri ambao kisukari hupenda.

Dawa iliyopo leo, dolutegraviri, ni bora kwa mbali, lakini nayo ina lake. Katika jaribio la ADVANCE lililofanyika Johannesburg na kutangazwa mwaka 2019, waliotumia mchanganyiko unaofanana na tunaoutumia Kenya waliongezeka wastani wa takriban kilo 3 kwa mwaka wa kwanza, karibu mara mbili ya waliotumia dawa ya zamani ya efavirenzi. Mwaka 2020 madaktari wa Kampala waliripoti wagonjwa 16, kati ya zaidi ya 3,000 waliopewa dolutegraviri, waliopandwa na sukari kwa ghafla, na wengi wao walifika wakiwa wamepungua uzito. Idadi hiyo ni ndogo, lakini inafundisha: aliyetegemea mizani angewapongeza. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018, kiwango cha maambukizi ya VVU kilikuwa asilimia 4.9 nchini kote, lakini Homa Bay kilikuwa 19.6, Kisumu 17.5 na Siaya 15.3. Hakuna sehemu ya Kenya ambako swali la mafuta na dawa linagusa nyumba nyingi kama hapa.

VVU si sababu pekee. Watafiti wa Kenya na Denmark waliwapima Waluo wa Bondo, Wakamba, Wamaasai na wakazi wa Nairobi, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kisukari kwa asilimia 2.2 vijijini na 12.2 mjini. Katika makabila hayo matatu, Waluo ndio waliokuwa na matatizo mengi zaidi ya sukari. Mji tangu wakati huo umetufuata mpaka ufukweni. Kisumu ilisifika kwa bodaboda za baiskeli, na kijana aliyekuwa akikanyaga pedali kutoka Kondele hadi Dunga kutwa nzima sasa amekaa juu ya pikipiki. Minofu ya mbuta husafirishwa ng'ambo, na mifupa inayobaki, mgongo wazi, hukaangwa kwa mafuta mengi mtaani Obunga. Na wakati Wizara ya Afya ilipofanya uchunguzi wake wa mwaka 2015, karibu watu 9 katika kila 10 walisema hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia mafuta katika kliniki za VVU kutawafanya watu waache dawa. Hofu hiyo ni ya haki na inastahili jibu la wazi. ARV ndizo zilizowarudisha watu shambani na ziwani, na sehemu ya uzito unaoongezeka ni mwili kurudi katika hali yake. Asiache mtu yeyote dawa kwa sababu ya kitambi. Kinachoweza kumtoa mgonjwa kliniki zaidi ni kubadilika mwili bila kuelezwa, kama ilivyokuwa enzi za stavudini, watu walipojiona kwenye kioo na kubaki na uvumi peke yake. Muuguzi anayepima kiuno na kueleza sababu anajenga imani.

Wengine watapinga kwamba vipimo vyenyewe vinayumba, na hapo wana hoja. Mipaka ya kiuno tuliyoazima Ulaya ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Uchambuzi wa takwimu za zaidi ya watu 24,000 kutoka nchi za Afrika, uliochapishwa mwaka 2017, ulipata kwamba hatari huanza karibu na sentimita 81 kwa wote wawili. Maana yake mwanamume wa Usenge mwenye kiuno cha sentimita 88 anaambiwa yuko salama kwa kipimo cha mtu mwingine. Kipimo cha sukari cha HbA1c nacho kinaweza kupotosha kwa mtu aliyerithi chembe ya selimundu, na ukanda huu una watu wengi wa namna hiyo. Tena, wako wanaougua kisukari wakiwa wembamba, pengine kwa sababu ya njaa ya utotoni, aina ambayo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi mwaka 2025. Haya yote yanazidisha sababu ya kupima. Kiuno kitumike kwa mpaka unaotufaa, na kila mara kiandamane na tone la damu ya kidole kabla ya kifungua kinywa, ili mwembamba naye asipitwe.

Pingamizi la mwisho ni fedha, hasa baada ya Marekani kukata misaada mwaka 2025 na kliniki za VVU kuanza kuunganishwa na huduma za kawaida. Muunganisho huo, wenye maumivu yake, ndio nafasi yenyewe: mgonjwa wa VVU na mgonjwa wa kisukari sasa wanapanga foleni moja, hivyo kipimo kimoja kinaweza kuwafikia wote. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 wanabeba glukometa, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto ili kugundua utapiamlo. Kuongeza utepe wa fundi cherehani hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kinachohitaji bajeti ni stripu za glukometa, kwa kuwa glukometa isiyo na stripu haipimi chochote, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mguu uliokatwa au damu inayosafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki hadi mwisho wa maisha.

Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori zinaweza kuanza bila kusubiri Nairobi. Stripu ziwekwe katika bajeti ya kaunti kama bidhaa ya lazima, sawa na ARV na chanjo. Kiuno na sukari viandikwe katika kadi ya kila mgonjwa anapoanza au kubadilishiwa dawa, kisha kila mwaka. Na mpaka wa kiuno utokane na takwimu za Waafrika. Wabunge wa kaunti wanaoujadili mpango wa afya waulizwe hayo matatu hadharani, na wapiga kura wayakumbuke majibu.