Tusisubiri damu ya watoto ituambie hewa ina sumu

Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliwarejeshea wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia yao ya Sh1.3 bilioni. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwamwagia madini ya risasi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Wengi tulishangilia, na ilifaa. Lakini jiulize: ushahidi ulitoka wapi? Kwa damu ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua. Yaani mtoto ndiye aliyekuwa kipimo.

Kuna kipimo kingine, na pengine kiko kwenye ukuta wa ploti yenu. Unaijua kuvumwani, ule mmea mfupi wa kijani, laini kama zulia, unaoota ukutani penye unyevu au kwenye shina la mti? Haina mizizi ya kunyonya ardhini. Maji na madini inayapata zaidi kutoka kwa mvua na vumbi linaloiangukia. Kwa hivyo metali zinazotoka kwa bomba la kiwanda hujikusanya ndani yake polepole. Wanasayansi wa Sweden walianza kuitumia hivyo miaka ya 1960, na tangu 1990 nchi nyingi za Ulaya huikusanya kila baada ya miaka mitano kupima metali zinazotoka hewani.

Stori ya kushika ni ya Portland, Marekani. Mwisho wa 2013, watafiti wa idara ya misitu ya nchi hiyo walizunguka jiji wakibandua kuvumwani kwenye miti ya mitaani, sampuli 346. Walipochora ramani, kadmiamu ilionekana kujazana karibu na viwanda viwili vya vioo vya rangi. Maafisa wa mazingira wa jimbo wakapeleka mashine za kupima hewa karibu na kimoja. Walikuta kadmiamu mara 49 ya kiwango ambacho jimbo lilijiwekea, na aseniki mara 159. Habari zilipotoka Februari 2016, wazazi waliwaka, na viwanda vikasitisha kutumia kadmiamu. Kufikia 2018 jimbo lilikuwa na kanuni mpya za hewa ya viwandani.

Hapa tuelewane. Kuvumwani haikuambii umepumua sumu kiasi gani, na haiwezi kushinda kesi peke yake. Sampuli lazima ziende maabara. Kazi yake ni kuonyesha ni wapi pa kupeleka ile mashine ya bei ghali, badala ya kubahatisha jiji zima. Na mtaa ukiwa mkavu, haioti? Watafiti huitia kwenye vifuko vya wavu, wakavitundika nje kwa wiki kadhaa, kisha wakavipima.

Sasa kwa nini hatufanyi hivyo Indaa, Changamwe au Athi River? Vyuo vikuu vyenye maabara tunavyo. Wanafunzi wanaohangaika kutafuta mada ya mradi wako tele. Nadhani kinachokosekana ni hamu, kwa sababu ramani ikishachorwa, hakuna afisa atakayesema hakujua. Kumbuka mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliibebesha NEMA asilimia 40 ya lawama za Owino Uhuru. Kutojua kuna bei yake, na pesa hizo ni za mlipa kodi.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo haina maana kama lazima kwanza uugue ndipo uthibitishe imevunjwa. NEMA ianze na mitaa iliyopakana na viwanda vya metali, ikusanye sampuli, na matokeo yawekwe wazi kila mtu ayaone. Wakisema hakuna bajeti, waulizwe Sh1.3 bilioni zingenunua sampuli ngapi.